Si kila DJ ni mwanamuziki, lakini wapo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa wasomaji kuhusu ma-DJ: ni wanamuziki, au ni watu wa kubonyeza nyimbo za wenzao? Wengi wanaojibu swali hili huzungumzia umaarufu, malipo na ukubwa wa picha kwenye bango. Kazi yenyewe haiguswi. Kipimo changu ni hiki: mwondoe DJ ukumbini, uache nyimbo zilezile zijipige kwa mpangilio uleule. Wachezaji wasipohisi tofauti, hapakuwa na mwanamuziki pale. Wakihisi, alikuwepo.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Chukua nyimbo mbili, mmoja una mapigo 100 kwa dakika na mwingine 104. Ili ziende pamoja, wa kwanza uongezwe kasi kwa asilimia 4. Kwenye santuri, ukiongeza kasi na sauti inapanda. Ongezeko la asilimia 6 hivi ni nusu toni nzima (hatua moja ndogo kwenye kinanda), yaani wimbo umeshahama ufunguo, ile ngazi ya sauti unayopigiwa, na kama ule mwingine una kinanda au mwimbaji, masikio yataumia hata kama ngoma zimekaa sawa. Kompyuta inaweza kuushikilia ufunguo usihame, lakini hufanya hivyo kwa kuikatakata sauti vipande vidogo na kuvipanga upya. Ukiivuta mno, mwimbaji anaanza kukwaruza na ngoma zinapoteza makali. Kwa hiyo DJ hachagui wimbo unaofuata kwa sababu unapendwa tu. Anaangalia pia kasi na ufunguo wake, na mahali ambapo sauti ya mtu haipo.

Kukosea hapo hakuchelewi kuonekana. Nyimbo zenye mapigo 120 na 121, zikianza pamoja, baada ya sekunde 30 zimeachana nusu pigo: kiki (ngoma kubwa ya chini) ya huku inadondoka katikati ya kiki za kule, na watu wanasimama wakitazamana.

Najua jibu litakaloletwa: siku hizi kuna kitufe, unabonyeza na mapigo yanalingana yenyewe. Ni kweli kwa muziki uliotengenezwa kwenye kompyuta. Sasa mpe mtu wa kitufe rekodi za bendi za dansi zilizofanywa Redio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 na 1980. Bendi ilipiga kwa pamoja, mwendo ukiwa mikononi mwa mpiga drams. Mashairi yanakwenda taratibu, halafu magitaa yanaingia kwenye chemko, sehemu ya kuchangamka, na mwendo unapanda. Programu imeupima wimbo mwanzoni na kuuchorea mistari ya mapigo. Ukifika kwenye chemko, mistari iko huku na ngoma ziko kule, na kitufe kinalinganisha kitu ambacho hakipo.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza ni kazi ya nyumbani: kuupitia wimbo na kurekebisha alama za mapigo kila baada ya baa 8 au 16 (baa moja ni mapigo manne), hasa pale mwendo unapobadilika. Ya pili ni kuzima kitufe na kuushika wimbo kwa vidole, ukisukuma ukingo wa sahani unapochelewa na kuuzuia kidogo unapokimbia, hedifoni ikiwa sikio moja na spika ya jukwaani sikio jingine. Anayetaka kutoka kwenye chemko kwenda wimbo wa kisasa hukamata lupu (kipande kinachojirudia) ya mapigo 4 au 8 mahali ambapo mpiga drams ametulia, anaiacha izunguke, anaingiza wimbo mpya juu yake. Akiikata lupu vibaya, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kila mzunguko utachechemea, na kadiri anavyoiacha ndivyo aibu inavyokua. Sasa nielezeni mtu huyu anatofautianaje na mpiga tumba anayemsikiliza mwenzake ili wasipishane.

Kuna na jambo la besi. Kiki mbili zikipigwa juu kwa juu, mawimbi ya chini ama yanajumlishana mpaka spika inaunguruma, ama yanafutana na ukumbi unabaki hauna kifua. Ndiyo maana DJ mzuri hupunguza besi ya wimbo unaoingia, kisha kwenye pigo la kwanza la fungu jipya, kwa kawaida baada ya mapigo 32, anabadilishana: anashusha ya zamani na kupandisha ya mpya kwa pamoja. Asiyejua hupandisha kila kitu mpaka taa nyekundu za miksa ziwake. Sauti iliyokatwa vichwa namna hiyo haizidi utamu, na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ndizo hulipa gharama kwa kuungua.

Hapa Dar es Salaam swali hili lilipaswa kufungwa na singeli. Muziki huu ulizaliwa uswahilini, juu ya mabaki ya mchiriku (muziki wa mitaani wa hapa Dar) na vinanda vya taarab, na waliouzaa wengi ni ma-DJ na watengenezaji wa biti. Unachukua kipande cha sekunde chache cha kinanda, unakizungusha, unakipandisha kasi mpaka zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, unapanga ngoma juu yake. Kipande cha mapigo 100 kikipelekwa 200 bila kushikilia ufunguo kinapanda oktava nzima (noti zilezile, ngazi nane juu), na ule mlio mwembamba wa kukimbia ambao wengine huuita kelele umepatikana hapo, kwa kuchaguliwa. Kazi za studio ya Sisso, Mburahati, zilikusanywa na kutolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. DJ Travella alitoa albamu kwa lebo hiyohiyo mwaka 2022. Hawa tukiwaita wabonyezaji, tuseme na mpiga kinanda anabonyeza.

Jukwaani singeli haisamehe. Kwa mapigo 220, baa moja inapita kwa sekunde 1 na ushee. Mapigo 32 yanakwisha ndani ya sekunde 9, wakati amapiano, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, ya mapigo 112 ingekupa sekunde 17 za kufikiri. Ndani ya muda huo DJ amsikilize MC, yaani mghani wa singeli, ajue atavuta pumzi wapi, akate ngoma neno lisikike, arudishe. Wanaotoka amapiano kwenda singeli bila kuvunja mchezo wanaijua hesabu: 112 mara mbili ni 224, kwa hiyo mguu wa mchezaji unabaki palepale, juu yake ngoma zinakimbia maradufu.

Wapo wanaosema DJ hatungi, anatumia jasho la wengine. Bendi zinazopiga zilipendwa kwenye mabaa kila wikiendi nazo hazikutunga nyimbo zile, na sijasikia mtu akimvua mpiga solo wao cheo cha mwanamuziki. Ubishi huu hata Marekani ulikuwepo. Tangu DJ Kool Herc alipopiga kwenye sherehe ya Agosti 11, 1973 pale Bronx, New York, akaja kuwa maarufu kwa kutumia nakala mbili za santuri moja ili kurefusha kipande cha ngoma, ilichukua muda watu kukubali. Mwaka 1983 mpiga kinanda wa jazi Herbie Hancock alitoa rekodi ambayo mikwaruzo ya santuri ya DJ ni sehemu ya bendi, na mwaka 1984 ikapata tuzo ya Grammy ya upigaji wa ala. Ala, si ushereheshaji.

Lakini sitetei kila aliyevaa hedifoni. Yupo anayekuja na mseto wa saa nzima ulioshonwa nyumbani, anaucheza kutoka kwenye flashi huku akizungusha vitufe visivyounganishwa na chochote. Kumjua ni rahisi: umeme ukikatika na kurudi, hawezi kuendelea palipoishia ila aanze upya, na ukimwomba arudishe wimbo uliopita anakasirika.

Watangazaji wa redio ni suala jingine, na nadhani tunawachanganya kwa sababu jina lao linajaza ukumbi. Studio nyingi leo orodha ya nyimbo inapangwa kwenye kompyuta. Ustadi wa mtangazaji ni wa sauti: kujua wimbo una sekunde ngapi kabla mwimbaji hajaingia, na kumaliza sentensi ndani yake. Ni ufundi, ila si muziki. Tena ufundi huo haumfuati nje ya studio. Redioni kuna mtambo unaobana sauti, ukinong'ona unasikika na ukipiga kelele haupasui, na wimbo unaweza kuwekwa ujishushe wenyewe unapoongea. Ukumbini hakuna msaidizi huyo. Ndiyo maana unamsikia mtangazaji mahiri akifokea juu ya kiitikio, au akitembea na maiki mbele ya spika mpaka inapiga ule mluzi wa kutoboa masikio. Asimame nyuma ya mstari wa spika, maiki karibu na mdomo, na mtu wa miksa amshushie wimbo. Mengine aachiwe DJ.

Na kuitwa mwanamuziki hakumfutii mtu ada za hakimiliki. Sheria ya mwaka 1999 inawalinda watunzi na wasanii waliorekodi, na mwenye ukumbi anatakiwa kuwa na kibali, awe amemweka DJ bingwa au redio ya mezani.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Waandishi wako wanapoandika habari za wimbo wa singeli, wasiishie kwa MC. Wamtaje na aliyetengeneza biti, wamuulize alikata kipande gani na kukipeleka kasi ipi. Na kwenye habari za matamasha, neno DJ liandikwe kwa aliyekuwa kwenye miksa. Aliyeshika maiki ana jina lake, mshereheshaji.

Mdau wa muziki,
Temeke, Dar es Salaam