Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Waendesha Baiskeli, Dar es Salaam

Ndugu Mlezi wa chama, ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama wenzangu,

Shikamooni wazee wangu, na vijana habari za asubuhi. Tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha hapa salama, sisi tuliofika. Mkutano uliitwa saa tatu, sasa inakaribia saa tano, na viti vya nyuma mnaviona wenyewe. Nitasoma kwa kifupi.

Shughuli za kawaida zimeendelea. Tumevuka na pantoni kwenda Kigamboni hadi Kimbiji, tumepanda Pugu na Kisarawe, na tarehe 3 Juni tuliadhimisha Siku ya Baiskeli Duniani kama kila mwaka. Mafunzo ya kuziba pancha na kurekebisha breki yamefanyika. Jezi mpya zimetoka. Rangi niliichagua mimi baada ya kamati kubishana vikao viwili bila mwafaka, na hadi leo sijasikia malalamiko ila ya saizi. Hayo yote mnayajua, sina haja ya kuyarefusha.

Sasa niingie kwenye lile ambalo limesemwa sana, tena limesemwa pembeni: uamuzi wa kuhamisha safari yetu kuu ya mwaka kutoka Bagamoyo kwenda Lushoto.

Ndugu wanachama, Bagamoyo tumekwenda miaka yote. Ni kilomita 70 hivi, barabara tambarare, samaki wa kukaanga mwisho wa safari. Sikatai. Lakini kutoka Mwenge hadi Bunju siku hizi unaendesha baiskeli huku sikio lote liko nyuma. Daladala inakatiza mbele yako kuchukua abiria, bodaboda inakuja upande wake na upande wako pia. Safari iliyopita mwenzetu mmoja alikwanguliwa mkono na kioo cha gari la abiria pale Tegeta, akashonwa nyuzi, na dereva hakusimama. Hata pale mjini tulipotengewa njia ya baiskeli, kando ya mwendokasi Barabara ya Morogoro, nani hapa anaweza kuipita yote bila kushuka kupisha bodaboda na meza za mihogo? Chama kilianzishwa watu wafurahie baiskeli. Mimi nikaona, na kamati ikaniunga mkono, kwamba angalau mara moja kwa mwaka wanachama waendeshe mahali wanaposikia mnyororo wao wenyewe.

Wapo waliosema Pugu ingetosha, ina msitu na iko karibu. Pugu naiheshimu, lakini kuifikia lazima upite Gongo la Mboto katikati ya malori, na ukishafika vilima vyenyewe vinakwisha hujatoka jasho.

Lushoto ni jambo jingine. Barabara inaanzia Mombo, inaacha njia kuu ya kwenda Moshi na Arusha, inapanda Usambara Magharibi kwa kilomita 33 hivi za lami hadi mjini Lushoto, uliopo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Maneno kwamba mwenyekiti aliwapeleka watu kuwaua yamenifikia. Naomba tupige hesabu. Jumla unapanda karibu mita 1,000 katika kilomita 33, yaani wastani wa mita 3 kwa kila mita 100. Ni mteremko mpole, urefu wake tu ndio unaochosha. Ukiweka gia nyepesi mapema na usishindane na mwenzako kwenye kona, ukifika Soni kazi kubwa umeshaimaliza. Mzee wetu wa Mbagala, ambaye umri wake hapendi nitaje, alipanda na baiskeli ya gia tatu akifika mbele ya vijana watano waliokuja na baiskeli za mamilioni. Muulizeni, amekaa pale.

Tulichagua Septemba kwa makusudi, kabla ya mvua za vuli, kwa kuwa mvua zikichanganya mlima ule hushusha udongo na mawe barabarani. Tulianza kupanda alfajiri, wakati magari ni machache. Fuso nyingi za kabeji na viazi hushuka jioni na usiku ziwahi masoko ya huku kwetu. Mpangilio huo niliufanya mwenyewe kwa simu, bila posho.

Siku ya pili ndiyo iliyonipa jibu kwa wanaouliza tulifuata nini. Kutoka Lushoto tulipanda hadi Magamba, kwenye msitu wa hifadhi ya mazingira asilia unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kiingilio kilikuwepo, ndiyo, na risiti ziko kwa Mhazini. Mle ndani zimebaki njia za zamani za magari ya magogo, na miti imefunga juu. Ukungu ulikuwa bado haujapanda, majani yanadondosha maji kana kwamba mvua imekatika sasa hivi. Kwa muda mrefu hatukukutana na gari wala pikipiki. Mbega walikuwa wanarukaruka juu yetu, weusi wenye mabega meupe, na dada yetu wa Tabata, ambaye Dar hawezi kukaa kimya dakika moja, aliendesha hadi juu bila neno. Mnyororo wa jirani yangu ulilia njia nzima ukiomba oili. Barabarani Dar asingeujua ubovu huo hata mwaka mzima. Mchana tuliteremkia Irente, kwenye ukingo wa mlima, ambako unaitazama Mazinde na mashamba ya mkonge huko chini.

Kuhusu kuteremka, maana nalo limezungumzwa. Siku ya kurudi, kabla ya kushuka Mombo, niliwaeleza wote: usikamate breki moja kwa moja, bana uachie, bana uachie, na Soni lazima tusimame rimu zipoe. Mwanachama mmoja hakusikia. Alipofika Soni mpira wa breki unanuka, akamwagia rimu maji ya kunywa, yakafanya chwaa na mvuke ukapanda. Kilomita chache mbele tyubu ikapasuka. Hakuumia, tunashukuru, lakini sioni hapo lawama ya mwenyekiti inaingilia wapi.

Nimeambiwa pia kwamba niliwapeleka watu kwetu. Mama yangu ni Msambaa wa Mlalo, sijawahi kuficha. Mlalo hatukufika. Nyumba ya wageni tuliyolala ni ya binamu yangu, na bei ilikuwa ileile anayolipa kila mgeni, tena chai ya asubuhi na mapeasi vilikuwa bure. Na hili la kwamba niliingia kwenye gari la kusindikiza baada ya Soni: nilifanya hivyo kwa ajili ya uratibu. Lazima mtu atangulie kupokea wenzake.

Hoja ya fedha. Safari iligharimu Sh 4,040,000. Waliokwenda, 22, walichangia Sh 120,000 kila mmoja, na chama kikaongeza Sh 1,400,000 kwa ajili ya Fuso ya kubeba baiskeli, kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 600. Katiba inasema matumizi yanayozidi milioni moja yaidhinishwe na wanachama. Ndiyo maana mwezi Juni niliitisha mkutano. Akidi ni theluthi moja, yaani watu 28 kati ya 84. Walikuja 9, na wawili kati yao walifuata jezi. Fuso ilitaka malipo ya awali wiki ile. Kamati ikaamua. Leo anayeuliza kwa nini hakushirikishwa, naomba kwanza aangalie daftari la mahudhurio la Juni aone kama jina lake limo.

Hapo ndipo ninaposikitika kwa dhati. Ada ni Sh 60,000 kwa mwaka, Sh 5,000 kwa mwezi, soda chache tu. Wanachama 31 wamelipa yote. Wengine wamepunguza kidogo kidogo jumla ya Sh 480,000, na deni lililobaki ni Sh 2,700,000. Mapato yote ya mwaka, ada, michango ya safari na jezi, ni Sh 5,520,000. Matumizi ni Sh 5,270,000. Benki kuna Sh 250,000. Kundi la ndugu zetu wa Mbezi waliofungua kundi lao la WhatsApp na kuita Lushoto ubadhirifu, nimeangalia kwenye orodha: aliyelipa ada yote ni mmoja. Simtaji, lakini nampongeza.

Mazoezi ya Jumapili nayo yamelala. Kuna wiki nilifika pale kwenye kituo cha kukutania Mwenge saa kumi na mbili kamili nikajikuta niko na Katibu peke yake, naye alikuja kwa gari.

Mipango ya mbele. Tunatarajia, Mungu akipenda, kuangalia uwezekano wa Amani kule Usambara Mashariki, au Uluguru kupitia Morogoro, ambako ni karibu zaidi. Tunafikiria kutafuta wafadhili. Kuna mazungumzo ya awali kuhusu chumba cha kuhifadhi vifaa, na suala la vijana wa shule tutaliangalia. Safari ijayo itajadiliwa na wote, ila nataka ieleweke kwamba Bagamoyo kwa baiskeli mimi siongozi tena.

Namshukuru Katibu, Mhazini, na mke wangu aliyevumilia simu za usiku. Sasa namkaribisha Mhazini asome hesabu kwa kirefu pamoja na orodha ya wadaiwa, na nawaomba waliokaa karibu na mlango wasitoke kabla hajamaliza.