Chunusi za mama si za binti yake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wauza vipodozi, wauza dawa, na zaidi wanawake wenzangu: tuache kumpa mama wa miaka 35 tyubu ileile anayopewa binti yake wa kidato cha pili. Mimi ni mpambaji wa maharusi hapa Ngamiani. Kazi yangu ni kukaa na uso wa mtu karibu kabisa, dirisha likiwa wazi, na ninachokiona usoni kwa watoto sicho ninachokiona kwa mama zao.

Za vijana tunazijua. Mtoto akibalehe, homoni zinaamsha tezi za mafuta, vinyweleo vinaziba, na bakteria wanaoishi kwenye ngozi wanapata pa kuzaliana. Paji la uso na pua vinajaa vichwa vyeusi na vyeupe. Kwa wavulana zinashuka hadi mgongoni na kifuani. Wengi zinawaishia wakishavuka miaka 20. Wasichana wetu wana la ziada, mafuta ya nywele. Mtoto akishasukwa anapakwa mafuta kichwa kizima, anavaa hijabu ya shule, na jua la Tanga linayeyusha yote yanashukia usoni. Ukimvua hijabu unakuta vipele vidogo vidogo vimejipanga pale nywele zinapoanzia. Huyu apunguziwe mafuta, aoshe uso asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali, na zikizidi atumie dawa ya benzoili peroksaidi ya nguvu ndogo. Wala asisimangwe kwamba ni mchafu, maana uchafu hausababishi chunusi.

Za ukubwani, yaani kuanzia miaka 25 hivi, zinatusumbua zaidi sisi wanawake. Mara nyingi zinakaa chini: kidevuni, kwenye taya, zinashuka shingoni. Ukigusa unakuta donge gumu limejificha ndani, linauma, halina hata kichwa. Linakuja siku chache kabla ya hedhi, linakaa, likiondoka linaacha doa jeusi ambalo kwa ngozi zetu linaweza kudumu miezi. Wengine usichana wao wote uso ulikuwa safi, zimewaanza wakiwa na watoto wawili. Na ngozi ya mtu mzima mara nyingi haina mafuta kama ya kijana, kwa hiyo dawa kali anayoistahimili mtoto inamchubua mama yake.

Mwaka jana nililetewa bibi harusi, mtu mzima mwenye kazi yake. Mashavu yalikuwa yanang'aa kama yamepakwa maji, vimishipa vyekundu vinaonekana, na taya zote mbili zimejaa vipele vyekundu vinavyolingana. Alikuwa anatumia krimu aliyouziwa dukani bila kuulizwa swali hata moja. Wiki ya kwanza uso ulitakata, akafurahi. Kila akiacha zinarudi mara mbili. Nilisoma boksi: klobetasoli. Hiyo ni steroidi kali, si dawa ya chunusi. Inatuliza wekundu kwa muda, inakondesha ngozi, halafu yenyewe inazalisha chunusi nyingine. Mikorogo mingi, yaani krimu za kujichubua zinazochanganywa na kuuzwa mitaani, ina steroidi hizohizo, au haidrokwinoni, au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini.

Lililoniuma zaidi ni maneno aliyokuwa akiambiwa na ndugu zake, kwamba akishaolewa zitakwisha. Ndoa haitibu chunusi. Mwanamke anaambiwa hivyo miaka nenda miaka rudi, na hakuna anayemuuliza kama hedhi yake inakuja kwa mpangilio. Hedhi ikiwa inaruka miezi, ndevu zinaota kidevuni na chunusi hazikomi, huenda ni tatizo la homoni ambalo madaktari wanaliita PCOS, na hilo linahitaji vipimo. Sindano au kijiti cha uzazi wa mpango navyo vinaweza kuwaletea baadhi ya wanawake chunusi. Mtu asikimbilie kuvitoa. Arudi kliniki walikompatia, aeleze, ataangaliziwa njia nyingine.

Liko na jambo la mimba, ambalo muuza dawa hana ruhusa ya kulisahau. Vidonge vya isotretinoini, dawa ya chunusi sugu, vinaharibu mtoto tumboni. Doksisaiklini, antibayotiki inayotumika kwa chunusi, haipewi mjamzito, na krimu kama adapaleni anashauriwa kuziepuka. Asidi ya azelaiki inaweza kutumika hata kwa mjamzito, kwa ushauri wa mtaalamu. Kwa hiyo mwanamke akija dukani kununua dawa ya chunusi aulizwe, kwa heshima na kwa sauti ya chini: una mimba au unatafuta? Hedhi ikoje? Unatumia njia gani ya uzazi? Umeshapaka nini? Muuzaji akiona mambo yamemzidi, ampeleke hospitali. Wataalamu wa ngozi nchini wapo, na pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanafundishwa.

Kwa wapambaji wenzangu: liwa ninaipenda na nitaendelea kuisaga, lakini singo, ule mchanganyiko wa kumsugulia bibi harusi, haisuguliwi juu ya chunusi zilizovimba. Ukisugua unazipasua, na bibi harusi anaingia ukumbini na madoa uliyomtia wewe. Wanaume wenye vipele vya ndevu nao wasidhani ni chunusi. Ule ni unywele uliokatwa chini sana ukajikunja ndani ya ngozi, waongee na kinyozi.

Dawa sahihi ya chunusi inataka wiki 8 hadi 12 kabla matokeo hayajaonekana vizuri. Kwa hiyo wazazi na mashangazi, bibi harusi mwenye chunusi mleteni miezi mitatu kabla, tumpeleke kwa daktari kwanza. Msiniletee Jumatano kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

Mpambaji wa maharusi,
Ngamiani, Tanga