Anayepigwa asinyang'anywe zamu yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kanuni za kupigana mikono mitupu katika michezo ya kuigiza wahusika wa kininja zimezidi wingi, na kwamba ingetosha mpigaji arushe dadu mara moja, akifaulu mwenzake ahesabiwe majeraha, hadithi iendelee. Kila Jumamosi nasimamia mchezo wa aina hiyo pamoja na vijana watano hapa Kinondoni, na siku za kazi jioni nafundisha watoto judo, kwa hiyo shauri lake limenigusa pande zote mbili, na silikubali.

Kwa wasiowahi kukaa kwenye meza ya namna hii, mchezo huu hauhitaji skrini wala ubao. Mmoja wetu huwa msimulizi, akaeleza mahali na kuwasemea maadui, na kila mchezaji huwa na mhusika ambaye uwezo wake umeandikwa kwenye karatasi. Penye shaka, dadu huamua. Sisi tunatumia kanuni za Ninjas & Superspies, zilizoandikwa na Erick Wujcik na kutolewa na Palladium Books ya Marekani mwaka 1988, zenye mitindo 41 ya mapigano. Humo anayeshambulia hurusha dadu ya pande 20 na kujumlisha alama za ustadi wake. Akipata chini ya 5 amekosa. Akipata 5 au zaidi, pigo liko njiani, lakini halijafika, kwa sababu anayepigwa ana majibu ya kuchagua, yakiwemo haya matatu. Anaweza kulikinga kwa mkono, jambo ambalo kwa aliyefunzwa halimgharimu chochote. Anaweza kulikwepa kabisa, ila kukwepa humla tendo lake moja katika duru hiyo. Au anaweza kuanguka nalo, akajiviringisha kulifuata linakoelekea, na akifaulu huumia nusu tu ya maumivu aliyokusudiwa. Alama zikilingana, ushindi ni wa anayejihami.

Hayo ndiyo mwenzangu anataka yafutwe. Hivi karibuni mhusika wa binti mmoja wa kidato cha tatu alinaswa na mlinzi juu ya paa la ghala, waraka aliotumwa kuuchukua ukiwa kifuani. Nilimrushia mlinzi dadu, na teke lake likafika 17. Binti alikuwa amebakiwa na tendo moja. Kinga yake ilikuwa hafifu. Akikwepa, tendo lile lingekwisha naye angebaki palepale, ana kwa ana na mlinzi. Aliishika dadu kwenye kiganja kwa muda mrefu, wenzake wameacha hata kutafuna karanga, kisha akasema, "Naanguka nalo, nadondokea upande wa uchochoroni." Akapata 17. Alama zililingana, akaumia nusu, nami nikamkubalia kwamba teke la adui ndilo lililomshusha kutoka paani, na waraka wake bado anao. Kwa kanuni ya dadu moja, ile 17 ingekuwa mali ya mlinzi peke yake, na binti angebaki kupokea hesabu ya majeraha kama mtu anayesomewa hukumu.

Wala kuanguka huko si mapambo ya mtunzi. Katika judo, ambayo Jigoro Kano aliianzishia chuo chake cha Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, mwanafunzi mgeni hujifunza kwanza kuanguka: kidevu kifuani, mgongo umepinda kama upinde, mkono ukipiga mkeka kabla uzito wa mwili haujafika. Mtoto aliyekwisha kulijua hilo haogopi kupigwa mtama, na kwa sababu haogopi, hujifunza kwa haraka namna ya kumpiga mwenzake. Kanuni inayompa mchezaji nafasi ya kuanguka vizuri imeutazama mwili wa binadamu kwa makini kuliko inayojua kupiga na kupigwa tu.

Zaidi ya hapo, tukumbuke ninja alikuwa nani. Wale wa Iga na Koka, huko Japani, walikuwa mashushushu kwanza. Bansenshukai, mkusanyo wa maarifa yao ulioandikwa mwaka 1676, unashughulika zaidi na kupenya ngome, kujibadilisha sura, kutumia moto na kurudi na habari, kuliko kurushiana ngumi. Mtu wa kazi hiyo akikamatwa, swali lake ni atokeje hapo akiwa hai, na kukinga, kukwepa na kuanguka ndiyo majibu yake. Mchezo unaoyaondoa humgeuza kuwa bondia aliyefunika uso.

Katika jambo moja mwenzangu ana haki. Kutafuta alama za nyongeza zilizotawanyika katika kurasa mbalimbali, huku zamu ya mtu inangoja, kunachosha na kumeua hadithi nyingi nzuri. Lakini kosa hilo ni la karatasi. Sisi tuliliondoa kwa kumtaka kila mchezaji, kabla ya kuanza, aandike juu ya karatasi yake namba nne kwa wino mzito: kupiga, kukinga, kukwepa, kuanguka. Tangu hapo hakuna anayefungua kitabu katikati ya pambano, isipokuwa kwa kabali, ambayo kwa kweli bado inatusumbua, na hiyo ningekuwa tayari kuiona ikipunguzwa hadi kila mmoja arushe dadu mara moja, mwenye alama nyingi ashinde.

Namwomba mwenzangu aijaribu karatasi ya namba nne kwa Jumamosi tatu na kundi lake, kisha aliandikie gazeti hili tena atueleze pambano moja linawachukua dakika ngapi.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa judo na msimulizi,
Kinondoni, Dar es Salaam