Safari ya Kinderdijk Jumamosi

Ndugu wanakikundi, salaam.

Jumamosi hii, Mungu akipenda, tutatembelea vinu vya upepo 19 vya Kinderdijk, kijiji cha Uholanzi, ambavyo vingi vilijengwa karibu na mwaka 1740, si kwa kusaga nafaka kama wengi wanavyodhani, bali kwa kuvuta maji kutoka kwenye mashamba yaliyo chini ya usawa wa bahari na kuyapandisha hadi mtoni. Tutaingia ndani ya kinu kimoja tuone jinsi familia nzima ilivyobanana humo, ikilala kwenye vitanda vilivyojengwa ukutani kama kabati.

Tukutane saa tatu asubuhi Rotterdam, kwenye gati la daraja la Erasmusbrug, tupande boti. Tafadhali leteni makoti ya mvua, kwa kuwa upepo wa kule hauheshimu mwavuli. Watoto wanakaribishwa.