Kitabu cha mwezi huu: Hepburn na The African Queen

Wapendwa, habari za jioni. Kura zimeshahesabiwa. Mwezi huu tunasoma kitabu cha mwigizaji Katharine Hepburn cha mwaka 1987, anamosimulia jinsi filamu ya The African Queen ilivyopigwa picha Kongo na Uganda mwaka 1951, akiwa na mwigizaji mwenzake Humphrey Bogart na mwongozaji John Huston.

Msiziruke kurasa za maradhi. Hepburn alishikilia kunywa maji, tumbo likamsumbua vibaya mno; Bogart na Huston, waliokuwa watu wa wiski, wakabaki wazima. Filamu hiyo ndiyo iliyompa Bogart Oscar yake ya pekee.

Ila kwangu mimi utamu uko kwenye vyombo vyenyewe. Ile boti ya mvuke iliyobeba jina la filamu iliundwa Uingereza mwaka 1912, na sasa ipo Key Largo, Florida, inabeba watalii. Halafu ile meli ya Wajerumani kwenye hadithi, asili yake ni ya kwetu kabisa: Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande na kuungwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, baadaye Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Mwenye picha ya zamani ya Liemba nyumbani, hata kama imefifia, aiweke hapa tafadhali. Nitafurahi sana.

Nakala ni chache, ukimaliza mpitishie mwenzako. Tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa 10 jioni, palepale. Filamu tutaitazama baada ya mjadala, si kabla.