Kisima chako Kilambo, na mchanga unaoendelea mpaka Msumbiji

Juzi mzee mmoja wa Kilambo kaja ofisini, kakaa, kafungua karatasi yetu ya makadirio ya bei, akauliza swali tunaloulizwa sana: "Fundi, mimi nachimba kisima shambani kwangu, sasa Msumbiji inaingiaje humu kwenye bei?" Maana tulikuwa tumeandika "modeli ya maji, pande zote mbili za mto", na ukiisoma hivihivi kweli unaona kama tumeamua kumpiga mtu hela tu. Tukamwambia mzee wetu usiwe na wasiwasi, tutaeleza, na tukaona bora tuandike kabisa ili na wengine msome.

Mto Ruvuma ni mpaka wetu na Msumbiji, ila ni wa huku juu tu. Chini hakuna mpaka. Kama umewahi kusimama pale Shimo la Mungu, Newala, ukaangalia kusini, unaona bonde la mto na ng'ambo kule ardhi inapanda tena, huko ndiko kwenye uwanda wa Mueda, na una michanga na miamba ya jamii moja na huu wetu wa Makonde, mto ndio umepita katikati ukachimba bonde lake. Mvua ikinyesha juu huko, huku kwetu na kwao, maji yanazama mbali sana, ndiyo maana wazee wa Newala walikuwa wanashuka bondeni na ndoo kichwani wakati mvua imewanyeshea wao kule juu. Yanatokea chini kwenye chemchemi au yanaenda mtoni taratibu. Hayo ni ya juu juu. Matabaka ya chini zaidi hayajui kama kuna mto, yanapita chini yake, kwahiyo wa upande mmoja akipampu kwa nguvu miaka na miaka, wa upande wa pili anaweza kuona maji yake yanashuka.

Sasa modeli yenyewe. Chukua trei za mayai uzipange moja juu ya nyingine, kila kishimo ni kipande cha ardhi, halafu kwa kila kipande unaiambia kompyuta: mchanga wake unapitisha maji kiasi gani, mvua inayozama ni kiasi gani, nani anavuta humo. Kompyuta inapiga hesabu maji yanahamaje kutoka kishimo hiki kwenda kile, kwa kanuni ambayo Henry Darcy aliitoa mwaka 1856 kule Dijon, Ufaransa, kwa kupitisha maji kwenye mabomba yaliyojaa mchanga. Programu inayotumika sana ni MODFLOW, ya Wamarekani wa USGS, yaani taasisi yao ya jiolojia, ipo tangu 1984 na ni ya bure, kwahiyo mtu akikuchaji hela ya programu jua unaliwa, hela inaenda kwenye vipimo.

Mfano tu: mchanga ambao ungepitisha mita 5 kwa siku kama mteremko ungekuwa mita kwa mita, ila hapa maji yanateremka mita 1 tu kila kilomita, nafasi kati ya punje ni asilimia 20. Ukipiga hesabu maji yanatembea kama mita 9 kwa mwaka, yaani kilomita moja ni zaidi ya miaka mia. Kobe ana nafuu. Ila athari ya pampu haisubiri maji yafike, ule mshuko wa usawa wa maji unasafiri haraka kuliko maji yenyewe, na hapo ndipo majirani wanapoanza kulaumiana.

Tukiri kosa letu. Modeli yetu ya kwanza tuliikata pale pale mtoni, mto tukauweka kama ukuta, ikasema visima vya kandokando vitakauka mapema. Tukageuza, mto tukaufanya kama tangi lisiloisha, ikasema pampu mpaka uchoke. Majibu mawili, yote ya uongo! Ndiyo maana sasa modeli tunaiendeleza mpaka ng'ambo ya mto. Ukishavuka mpaka na karatasi nazo ni shida, vipimo vya kule viko kwa Kireno, ramani zetu nyingi za zamani ziko kwenye Arc 1960 na zao kwenye Tete, yaani mifumo miwili tofauti ya kupimia mahali, na urefu kutoka usawa wa bahari usipoulinganisha vizuri, kosa la mita moja linatosha kuyafanya maji yapande mlima kwenye kompyuta.

Kingine ni korosho. Wateja wetu wengi wanakuja hela ya mnada ikishaingia, kuanzia Oktoba hivi, na sisi tunafurahi kwa sababu huo ndio mwisho wa kiangazi, maji yako chini kabisa, kisima kikitoa wakati huo kuna matumaini ya kweli. Aliyechimbiwa Aprili, mvua zikiwa hazijaisha, anaona maji yako karibu anafurahi, kaweka pampu juu juu, Oktoba anatupigia simu analia. Kwahiyo tunaomba turudi na dipa, ile tepi inayolia ikigusa maji, mara mbili kwa mwaka, mwisho wa mvua na mwisho wa kiangazi. Hatuchaji. Modeli bila hivyo vipimo ni mchoro mzuri tu.

Wa Mikindani na pwani yote shida yenu ni nyingine, ni chumvi. Kwa kawaida kila mita 1 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 nyingine za hayohayo chini ya usawa huo, ukiishusha hiyo mita kwa pampu kubwa maji ya chumvi yanapanda kutoka chini kwa hesabu hiyohiyo. Pampu ndogo masaa mengi, siyo kubwa masaa mawili.

Kibali cha maji ni lazima, sheria ya 2009 inasema hivyo, na ofisi ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini iko hapahapa Mtwara, fomu tunakusaidia kujaza. Yule mzee wa Kilambo alikubali mwishoni, ila kaomba tumpunguzie nauli ya gari. Tumempunguzia.