Koilova mlizonifungia: barua ya malalamiko kutoka Moshi

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vipuri na Gereji,
Arusha.

YAH: KUFUNGWA VIBAYA KWA KOILOVA ZA SUBARU IMPREZA

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu seti ya koilova za Impreza, yaani shokapu na springi zake za kurekebishika, mkanifungia kwenye gereji yenu hapo hapo. Risiti ya vifaa na ya ufundi ninazo. Kabla ya kulipa nilimweleza kijana wenu wa kaunta ninachotaka: gari lishuke kidogo tu, libaki laini, kwa kuwa napita barabara ya Moshi–Arusha mara kwa mara nikiwa na familia. Akanihakikishia kwamba koilova raha yake ni kurekebishika, na kwamba ningelipata gari kama nilivyoagiza. Kwa neno hilo nikatoa hela.

Nilichokabidhiwa hakipandiki. Kutoka Usa River hadi Boma Ng'ombe kila rasta, yaani vile vituta vidogo vya barabarani, inatufikia kwenye meno. Kwenye tuta gari linapanda vizuri, lakini tairi likishuka upande wa pili, shokapu inagonga kama nyundo juu ya bati. Mama yangu siku hizi akija kutusalimia anapanda Noah ya abiria, na sina la kumwambia. Nilipowapigia simu, fundi wenu alinijibu, "Kaka, koilova ndivyo zilivyo, ungetaka ulaini ungenunua Crown." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike, maana si kweli.

Nilimwomba fundi wa hapa Majengo azifungue za mbele nikiwepo. Hizi koilova zenu zina sehemu mbili za kurekebisha. Kile kikombe cha chini, ambamo shokapu inaingia, kinazungushwa ili kuinua au kushusha gari bila kugusa springi. Ringi za juu zinakaza springi yenyewe. Mtu anayejua kazi anakaza ringi hadi springi isicheze, anaongeza milimita chache basi, kisha urefu wa gari anautafuta kwa kikombe. Fundi wenu alifanya kinyume. Alizamisha kikombe hadi mwisho, gari likawa chini mno, halafu akalinyanyua kwa kukaza springi. Springi ikiwa huru ina milimita 200. Tuliyoikuta imefungwa kwenye shokapu iliyonyooka ilikuwa na 170.

Naomba mtu wenu wa ufundi apige hesabu hii pamoja nami. Springi za mbele zimeandikwa kilo 8, yaani kila kilo 8 za uzito zinaibonyeza milimita moja. Kona ya mbele ya gari hili inabeba takriban kilo 350. Kwa hiyo gari likisimama, springi inajikunja kama milimita 44. Nyinyi tayari mlishaikunja 30 kabla gari halijakanyaga chini. Zinazobaki kwa tairi kufuata shimo ni 14 hivi, na hakuna shimo la kwetu linaloheshimu milimita 14. Shokapu inanyooka hadi mwisho wake na kugonga. Huo ndio mlio, wala si tabia ya koilova.

Kukaza springi hivyo hakukuifanya kuwa ngumu zaidi. Kilo 8 ni zile zile. Kumeiba tu nafasi ya tairi kushuka. Na kule kuzamisha kikombe kumeleta bodi karibu na matairi, ndiyo maana nikibeba abiria wa nyuma nasikia matairi yakisugua nikikata kona.

Kuhusu nobu za juu ya shokapu, zile za kuzungusha kuongeza ugumu au ulaini, tulizikuta zote nne zimefungwa hadi mwisho upande wa ugumu. Nikauliza kwa simu kwa nini, nikaambiwa "gari litulie". Tulizifungua, tukaanzia katikati, tukaelekea ulaini hatua chache kwa wakati, kushoto na kulia sawasawa, tukijaribu kwenye barabara ile ile. Rasta ndogo zikapungua makali papo hapo. Tulipolegeza kupita kiasi gari likaanza kuyumba kama linaelea, tukarudisha kidogo. Lakini kugonga kulibaki, kwa sababu nobu inasimamia mafuta yanavyopita ndani ya shokapu, haiwezi kuirudishia tairi nafasi ambayo ringi zimeichukua.

Mengine mawili nayataja kwa kifupi. Bolti za mikono ya chini inayoshika tairi zilikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, kwa hiyo bushi, yaani raba za viungo vyake, zimejikunja muda wote gari likiwa chini. Zinatakiwa kukazwa tairi zikiwa zimebeba uzito. Na alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi, haikufanyika, ingawa kila anayeshusha gari la namna hii anajua kuwa matairi yanabadilisha mwelekeo. Ya mbele yameshaanza kuliwa upande wa ndani.

Sitaki kurudisha mzigo. Koilova zenyewe sizilaumu. Ninachotaka ni kazi niliyoilipia: fundi mwingine, si yule, apange upya kikombe na ringi kwenye kona zote nne mbele yangu, akaze bushi gari likiwa chini, kisha mlipie alaimenti. Vipimo vyote, pamoja na hatua za nobu, viandikwe kwenye karatasi yenye muhuri wenu. Ikiwa baada ya hapo mbele bado ni gumu, mnibadilishie springi za mbele ziwe za kilo 6 au 5 kwa gharama yenu, kwa sababu ulaini niliutaja kabla ya kununua na nyinyi ndio mliochagua za kilo 8. Matairi mawili ya mbele tuyakague pamoja, tukubaliane fidia.

Natarajia majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata nitapeleka nakala ya barua hii, picha za vipimo na risiti kwenye Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mteja, Moshi.